Adapta ya LC inayoachia konekta bila kusumbua majirani: jinsi ya kuisanifu

Konekta ya LC, yaani plagi ndogo ya kuunganisha nyaya za faiba zinazobeba mwanga, ilitoka kwa kampuni ya Lucent miaka ya 1990, na lengo lake lilikuwa kubana nafasi. Feruli yake, kile kibomba kinachoshika faiba, ina kipenyo cha 1.25 mm, nusu ya ile ya konekta ya SC yenye 2.5 mm, na LC mbili zikiwa pacha huachana kwa 6.25 mm tu kutoka kati hadi kati. Kwa hiyo paneli ya 1U (ngazi moja ya kabati), yenye kimo cha 44.45 mm, inabeba adapta pacha 48 katika safu mbili, yaani faiba 96. Adapta ni soketi ambamo konekta za pande mbili hukutana uso kwa uso. Kila adapta ina upana wa kama 13 mm. Kidole gumba cha fundi ni kipana kuliko hapo, na komeo analotakiwa kulibonyeza limefichwa kati ya buti (mikia laini ya konekta) za pachikodi, yaani nyaya fupi za kuunganishia, zinazoning'inia juu, chini na kando.

Akikosa pa kupitisha kidole, fundi hubonyeza komeo kwa bisibisi na kulivunja, au huvuta pachikodi kwa waya wake, au hulazimisha vidole viingie na kuzipinda pachikodi za jirani ambazo zinabeba kazi za watu wengine. La mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu hakuna kinachoonekana kimevunjika, ila kiungo cha mtu kimeyumba.

Zipo pachikodi za LC zenye ulimi mrefu wa kuvuta. Ikiwa pachikodi zote za kwenye chumba ni zako, nunua hizo na usijisumbue na adapta mpya. Mwongozo huu ni kwa ajili ya vyumba vya kuunganishia wateja, ambako kila mmoja huja na pachikodi yake na huwezi kumchagulia. Huko urahisi wa kuchomoa lazima ukae kwenye adapta yenyewe.

Kinachoishika konekta

Usichore chochote kabla ya kuelewa nguvu mbili zinazofanya kazi humu ndani.

Ya kwanza ni komeo. Ni ulimi wa plastiki ulioshikamana na mwili wa konekta upande wa mbele, ukipanda kwa mshazari kuelekea nyuma, upande wa waya. Una masikio mawili mafupi kando. Konekta ikiingia, komeo huinama, kisha huruka juu, na masikio hukaa nyuma ya kizingiti kilichomo ndani ya adapta. Hapo ndipo unaposikia mlio wa "tak".

Ya pili ni springi iliyo nyuma ya feruli, ambayo kwenye LC husukuma kwa takribani nyutoni (N) 5 hadi 6. Feruli za pande mbili zinapogusana ndani ya slivu (kibomba kilicho katikati ya adapta), springi hizo hukandamizwa, na mwili wa konekta husukumwa kurudi nje. Kinachouzuia usitoke ni masikio kuegemea kizingiti. Maana yake komeo lililofungwa halikai bure, limebeba mzigo. Ukilibonyeza, unapambana na ugumu wa plastiki pamoja na msuguano wa masikio kwenye kizingiti. Ukivuta konekta huku unabonyeza, unaongeza mzigo huo na komeo linakuwa gumu zaidi. Hii ndiyo sababu ya konekta "kuganda", na ndiyo sababu fundi mzoefu husukuma buti ndani kidogo kabla ya kubonyeza.

Kwa hiyo kazi ya adapta yetu ni moja: komeo liachie kabisa kwanza, ndipo konekta ivutwe. Umbo lolote linalochanganya matendo haya mawili katika mvuto mmoja linaweza kufanya kazi vizuri mezani na kukwama kwenye paneli.

Umbo tunalolipendekeza

Juu ya adapta, upande wa mbele wa flenji (ukingo wa adapta unaoegemea paneli), weka kitelezi: kipande bapa chenye ulimi unaojitokeza mbele ili kidole gumba kiufikie. Ukikisukuma kuelekea paneli, pini zake hupita kwenye mifereji ya mshazari iliyo kwenye kuta za adapta, na kitelezi kizima hushuka kadiri kinavyoingia. Chini yake kuna nyayo mbili zinazokandamiza makomeo yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini kusukuma na si kuvuta? Adapta nyingi huingizwa kutoka mbele: flenji huegemea uso wa paneli na klipu ndogo za chuma ndizo huizuia isirudi. Ukivuta ulimi ulioungwa kwenye adapta, unazivuta klipu hizo, na siku moja adapta nzima itatoka na pachikodi za mbele na nyuma. Ukisukuma, flenji hubanwa kwenye paneli, mahali ilipo imara. 

Mteremko uwe kwenye kuta za adapta, usiwe kwenye nyayo. Komeo la LC linapanda kuelekea nyuma. Uso wa mshazari unaokuja kutoka nyuma kwenda mbele utakuta komeo linazidi kushuka mbele yake na hautalikandamiza ipasavyo. Mfereji ulio kwenye ukuta haujali umbo la komeo la mtengenezaji fulani.

Nyayo ziguse komeo lenyewe, karibu na masikio, kwa sababu sehemu inayoingia kwenye adapta ndiyo iliyowekewa vipimo na kiwango cha kimataifa cha IEC 61754-20. Kile kibonyezo cha ziada kinachofunika makomeo mawili ya LC pacha hutofautiana kwa kila kiwanda. Ukikitegemea, adapta yako itapokea pachikodi za kampuni moja na kukataa za nyingine.

Pima kwanza

Kusanya pachikodi za LC pacha kutoka kwa watengenezaji wasiopungua watano, za UPC (uso wa feruli usioinama) na za APC (uso wa feruli uliokatwa mshazari). Kwa kila moja chukua vipimo vitatu:

1. Umbali ambao komeo linahitaji kushuka ili masikio yapite chini ya kizingiti. Tumia kalipa ya dijitali na adapta iliyokatwa ubavu ili uone ndani.
2. Pembe ya komeo linapokuwa limefungwa.
3. Nguvu ya kulishusha, kwa kipima nguvu chenye ncha butu.

Kipimo cha tatu kichukuliwe konekta ikiwa imefungwa na nyingine ikiwa imechomekwa upande wa pili. Ukipima konekta iliyo mkononi, springi haijakandamizwa, masikio hayana mzigo, na utapata namba ndogo itakayokudanganya katika hesabu yote inayofuata.

Hesabu ya pembe ya mfereji

Hapa ndipo usanifu unapofaulu au kufeli, kwa hiyo tuende polepole.

Tuseme umepata kwamba komeo linahitaji kushuka 0.8 mm, linainuka kwa 15°, na linataka 3 N. Makomeo ni mawili, basi mzigo wa wima ni 6 N. Msuguano wa plastiki laini juu ya plastiki tuuweke 0.2, ambao ni sawa na pembe ya msuguano ya 11.3°.

Nguvu ya gumba ni mzigo wa wima mara tan ya jumla ya pembe ya mfereji na pembe ya msuguano. Kwa mfereji wa 30° hiyo ni 6 × tan 41.3°, yaani 5.3 N. Kwa 40° ni 7.5 N. Kwa 45° ni 9 N. Ukiishia hapo utachagua 30° kwa kuwa ni nyepesi, na utakuwa umekosea, kwa sababu kitelezi kinaposonga mbele, komeo chini yake linateremka. Kila milimita ya kusonga inapunguza mkandamizo kwa tan 15°, yaani 0.27 mm.

Mkandamizo halisi kwa kila milimita ya kusukuma ni tan ya mfereji kutoa tan ya komeo:

- 30°: 0.58 − 0.27 = 0.31 mm
- 40°: 0.84 − 0.27 = 0.57 mm
- 45°: 1.00 − 0.27 = 0.73 mm

Sasa jumlisha safari nzima. Nyayo zisiguse komeo zikiwa zimepumzika, basi acha mwanya wa 0.25 mm. Ongeza 0.8 mm za kuachia, na 0.2 mm za akiba kwa ajili ya komeo lililochakaa au kitelezi kilichoinama kidogo. Jumla ni 1.25 mm. Kwa 30° unahitaji kusukuma mm 4, na kitelezi kitashuka 2.3 mm. Kwa 40° unasukuma 2.2 mm na kushuka 1.85 mm. Kwa 45° ni 1.7 mm kwa zote mbili.

Sisi tunachukua 40°. Mwendo ni mfupi, na nguvu inabaki ndogo hata vumbi likiingia. Jaribu mwenyewe kwa msuguano wa 0.35: mfereji wa 40° unafika 10 N, wa 45° unafika 12.5 N. Gumba linaweza zote mbili, lakini fundi anayechomoa konekta 60 usiku mmoja atahisi tofauti.

Kuna faida nyingine ya kutokwenda chini sana. Pembe ya mfereji ikiwa ndogo kuliko pembe ya msuguano, kitelezi hujifunga chenyewe: ukikiachia hakirudi. Msuguano wa 0.35 ni 19.3°, kwa hiyo kitelezi cha mfereji wa 18° kinaweza kurudi kikiwa kipya na kuganda baada ya miezi michache ya vumbi. Kitelezi kilichoganda chini kinamaanisha konekta itakayochomekwa haitafungwa, na hakuna atakayesikia kwamba mlio umekosekana.

Pini, nyayo na kikomo

Weka pini mbili kila upande, zikiachana kwa 6 mm kutoka mbele kwenda nyuma. Gumba halisukumi katikati kila mara. Kitelezi hukwama mshazari pale ambapo umbali wa gumba kutoka mstari wa katikati unazidi urefu wa mwongozo ukigawanywa kwa msuguano mara mbili. Kwa 6 mm na msuguano wa 0.35, mpaka ni 8.6 mm, nusu ya upana wa kitelezi ni kama 6 mm, kwa hiyo uko salama. Kwa pini moja kila upande kingegeuka kama usukani.

Kipenyo cha pini kiwe 1.5 mm na mfereji 1.6 mm. Unene wa kitelezi uwe 1.2 mm, na nyayo ziwe na kingo za mviringo wa 0.3 mm ili zisichimbe makomeo. Kikomo cha safari kiwe kwenye mwisho wa mfereji. Kikomo kikiachwa kwa komeo lenyewe, kila fundi mwenye nguvu atalipinda hadi lipasuke kwenye shina.

Kitelezi kikiachiwa konekta ikiwa bado ndani, sehemu kubwa ya kurudi hufanywa na makomeo yenyewe yanaporuka juu. Robo milimita ya mwisho, au safari yote konekta ikiwa imeshatoka, inahitaji springi ya bapa, chuma kisichoshika kutu, unene 0.2 mm, iliyokunjwa tayari ili isukume kwa 2 N hata ikiwa imepumzika. Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi, chuma cha kawaida hakifai hapa. Usitumie pia springi ya plastiki iliyopindwa muda wote, kwani plastiki iliyo chini ya mzigo hulegea kwa miaka na joto.

Kusukumwa bila kukusudia

Huu ndio udhaifu mkubwa wa umbo hili, na usipoutatua ni afadhali usitengeneze adapta.

Mlango wa kabati ukifungwa juu ya rundo la pachikodi, kitu kinaweza kuegemea ulimi. Makomeo yanaachia, springi za feruli zinasukuma mwili wa konekta nje kidogo, lakini slivu bado imezishika feruli kwa msuguano wake. Konekta inabaki mahali pake kwa macho, kumbe feruli hazigusani tena kwa nguvu inayotakiwa. Upotevu wa mwanga unapanda, mwanga unaorudi nyuma unaongezeka, na makosa yanakuja na kuondoka kadiri kabati linavyotikisika. Kutafuta hitilafu ya namna hii kunaweza kula siku nzima.

Kinga ni tatu, na zote zinahitajika. Kwanza, ulimi usivuke mwisho wa buti. Urefu wa 15 mm kutoka flenji unatosha kwa buti nyingi. Pili, weka masikio mawili ya ulinzi yaliyotoka kwenye mwili wa adapta, marefu kuliko ulimi kwa mm 2, yakiacha nafasi ya gumba katikati. Kitu bapa kama mlango kitagonga masikio, hakitagusa ulimi. Tatu, ile 2 N ya springi, ili pachikodi iliyolala juu isitoshe kuuanzisha mwendo.

Malighafi

Mwili wa adapta ufinyangwe kwa plastiki ya PBT yenye nyuzi za kioo au ya PEI, na slivu iwe ya zirkonia (kauri ngumu) kwa faiba ya modi moja, yaani ile inayopitisha mwanga kwa njia moja tu. Kwa kitelezi, wasanifu wengi hukimbilia plastiki ya POM kwa kuwa inateleza vizuri na haichakai. Tatizo ni moto. POM huwaka, na ya kawaida haipati daraja la V-0 (la plastiki inayojizima haraka) katika kipimo cha moto cha UL 94 ambalo wenye vyumba vya seva hulidai. Tumia PBT ya V-0 iliyochanganywa na PTFE, plastiki inayoteleza. Usiweke grisi wala mafuta mahali popote kwenye adapta, hata tone, kwa sababu yatafika kwenye uso wa feruli.

Rangi ifuate desturi: bluu kwa UPC ya modi moja, kijani kwa APC. Kitelezi kiwe cha rangi tofauti na mwili ili mgeni ajue ni cha kubonyezwa.

Mfano wa kwanza

Usichapishe adapta nzima kwa printa. Sehemu inayoshika slivu inahitaji usahihi ambao printa ya mezani haina, na utaishia kupima makosa ya printa yako. Nunua adapta za LC pacha za kawaida, kata dirisha juu upande wa mbele kwa mashine ndogo ya kusaga bila kugusa kizingiti, puliza vumbi lote, kisha gundisha juu yake fremu yenye mifereji iliyochapishwa kwa resini. Kitelezi nacho kichapishwe kwa resini ngumu au nailoni. Printa ya uzi yenye pua ya 0.4 mm itaacha ngazi ndani ya mfereji wa 1.6 mm na kitelezi kitakwaruza.

Chapisha fremu tatu zenye mifereji ya 35°, 40° na 45°, uwape mafundi watatu bila kuwaambia ipi ni ipi. Mikono yao itakuonyesha msuguano halisi kuliko jedwali lolote.

Kitelezi kikiwa kimepumzika lazima kizibe dirisha. Dirisha lililo wazi juu ya slivu ni mlango wa vumbi.

Majaribio

Anza na la kushika. Kitelezi kikiwa huru, vuta konekta kwa 40 N kwa dakika mbili. Ikitoka, nyayo zako zinagusa komeo na kulinyima kuinuka sawasawa, ongeza mwanya. Rudia kwa pachikodi za watengenezaji wote watano.

Kisha chomeka na kuchomoa mara 500 kwa kutumia kitelezi, ukisafisha kila mara 25 na kukagua nyuso za feruli kwa hadubini kwa kufuata kiwango cha IEC 61300-3-35. Upotevu wa mwanga usibadilike zaidi ya desibeli (dB) 0.2. Ukiona unga mweupe kwenye feruli, unatoka kwenye mifereji: lainisha kingo za pini. Ukiona mikwaruzo kwenye makomeo, nyayo ni kali.

Jaribio la majirani ndilo lililoleta kazi yote hii, lifanye kwa uangalifu. Jaza safu nzima, unganisha mita ya mwanga kwenye adapta za kushoto, kulia na juu, kwa mwanga wa nanomita (nm) 1550, kwa sababu urefu huo wa wimbi huhisi mpindo wa faiba mapema kuliko 1310 nm. Rekodi mfululizo huku fundi akichomoa na kuchomeka ya katikati. Ukiona mchoro unaruka, tazama vidole vyake vinapita wapi. Kwa kawaida dawa ni kurefusha ulimi kwa mm 2 au 3 pamoja na masikio yake ya ulinzi, ilimradi usipite buti. Mwanga wa 1550 nm hauonekani kwa macho na bado unaweza kuyadhuru, kwa hiyo zima chanzo kabla ya kukagua uso wowote kwa hadubini ya kuchungulia moja kwa moja.

Mwisho, weka adapta zilizochomekwa kwenye joto la 70° C kwa saa 96, ziache zipoe, kisha pima tena nguvu ya gumba na ya kushika. Nguvu ya gumba ikipanda kwa zaidi ya robo, mfereji umejikunja: ongeza mwanya wa pini hadi 0.15 mm kabla ya kukata kalibu ya chuma, kwa sababu kupanua mfereji kwenye kalibu iliyokwisha kukatwa ni kujaza chuma na kuchonga upya, na hiyo ni gharama karibu na ya kuanza mwanzo.

Upande wa nyuma wa adapta uache wa kawaida. Kule faiba zimelazwa mara moja na hazichomolewi kila wiki. Kitelezi cha pili kingeongeza tu mahali pa kukosea.